Sawa Baba, Bila Shaka

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu. Naiandika ili siku moja isomwe.

Watengenezaji programu wanane wamefika kutoka kampuni ya bima. Watakaa nasi wiki mbili. Tunawafundisha kuunganisha mifumo ya kampuni yao, ili mfumo wa wateja uzungumze na wa madai, wa madai na wa malipo, na karatasi zisitembezwe tena meza hadi meza na mtu mwenye kikombe cha chai mkononi. Wakufunzi tuko wawili. Mimi na Bwana Kalamu.

Anaitwa hivyo kwa sababu ya kalamu nne za ubao anazobeba mfukoni mwa shati. Nyeusi, bluu, nyekundu, kijani. Mtu mzima! Bosi anampenda. Asubuhi Bosi ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ya pili kila mmoja wetu ataonyesha mfumo mmoja unaofanya kazi, mbele ya wageni wote, na mshindi atakuwa mkufunzi mkuu. Alipolitamka neno mkuu aliniangalia mimi kwanza, kisha Kalamu. Au Kalamu kwanza. Nilikuwa nafuta miwani.

Saa nne Dada akapiga simu. Ni dada yangu mkubwa, anaishi na Baba, mwendo wa saa tatu kwa gari. Anasema macho ya Baba yamezidi. La kushoto lilikufa zamani, hilo tunalijua. Sasa la kulia nalo limeingia ukungu, na Baba ni fundi saa, miaka arobaini anakaa na lenzi jichoni. Wiki ijayo madaktari wa macho watapita hospitali ya kwao, kisha Jumamosi wanaondoka zao. Lakini Baba anaogopa. Amesema limebaki moja, na hakuna kisu kitakacholigusa mpaka mimi niwe nimemshika mkono.

Nikamwambia Dada tutaona. Akasema basi angalau nimwandikie kila asubuhi, mzee anashinda na simu mkononi. Nikasema hilo linawezekana, siku hizi si lazima mtu awepo. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nikakata simu. Lakini nimeifikiria methali hiyo mchana kutwa, na nimeona ina kasoro. Sisi watu wa kuunganisha mifumo, kazi yetu yote ni fimbo ya mbali.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Karibu nimeze povu.

Nitaiunganisha simu yangu na mfumo unaojiendesha. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Baba atapata: "Shikamoo baba. Umeamkaje?" Akijibu, mfumo utasoma, utalinganisha na kanuni zangu, utamjibu. Kanuni ni tatu. Akiandika jambo lenye alama ya kuuliza, mfumo unasema: "Sawa baba, bila shaka." Akiitikia marahaba tu, unasema: "Nimefurahi baba. Siku njema." Kingine chochote kile: "Nashukuru baba. Tuko pamoja."

Nimekaa nikapitia kila nilichowahi kumwandikia Baba mwaka huu, nitafute kanuni ya nne. Sikuipata. Ni hayo matatu tu.

Na mfumo huu huu ndio nitakaouonyesha Ijumaa ijayo. Kalamu ataleta fomu za bima. Mimi nitaleta moyo wa mwana kwa mzazi wake. Nimemwambia mke wangu. Akaniuliza kama kumpigia simu kungechukua muda mrefu kuliko kutengeneza yote hayo. Wanawake hawaoni mbali.

Jumatano, 5 Juni

Salamu imekwenda saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilikuwa bado nimelala! Baada ya dakika nne Baba amejibu, na mfumo ukamjibu papo hapo. Nimeamka nikakuta mambo yetu yeye na mimi yameshashughulikiwa.

Sikusoma alichoandika. Nimeangalia idadi tu. Mbili zimeingia, mbili zimejibiwa.

Darasani nimefundisha foleni. Nimewaeleza kwamba ujumbe unaotoka mfumo mmoja kwenda mwingine husimama foleni kama wagonjwa kliniki, hakuna anayepotea hata mpokeaji akichelewa. Wameelewa. Kisha binti mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. Wenzake wamempa jina Kwa Nini, na siku tatu zinatosha kujua sababu. Akauliza, je, ukija ujumbe ambao hakuna kanuni inayoufahamu? Nikasema unaangukia kanuni ya mwisho, inayopokea kila kitu. Akauliza kwa nini usipelekwe kwa mtu. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu ndiye tatizo tunalojaribu kuliondoa.

Darasa likacheka. Bwana Kalamu, aliyekaa nyuma bila kualikwa, hakucheka. Alisema yeye kila anachokitengeneza hukiachia mlango mmoja wa kumwita binadamu. Mlango! Nimeandika pembeni mwa daftari: Kalamu ni mwoga.

Alhamisi, 6 Juni

Swali la leo: Bwana Kalamu bila kalamu ni nani?

Saa mbili kasoro robo alikwenda kunawa mikono, kalamu zake nne akaziacha mezani. Nikazichukua. Nikachukua na za kabatini, zote, na kuzifungia kwenye droo yangu. Si wizi. Ni utunzaji.

Nikasimama koridoni nimtazame kupitia kioo cha mlango anavyoumbuka. Akapapasa mfuko. Akapapasa tena. Kisha akawaambia wote wasimame. Mmoja akawa Wateja, mwingine Madai, mwingine Malipo, mwingine Barua. Akawapa vipande vya karatasi wapelekeane, kila mmoja akikubali tu karatasi iliyoandikwa kwa namna yake. Malipo akaikataa karatasi ya Madai kwa sababu tarehe imeanza na mwaka. Barua akaitupa ya Malipo. Wakabishana, wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Mwisho wakamweka Kwa Nini katikati awe mkalimani wao, na karatasi zikaanza kupita. Dakika arobaini! Mimi nimetumia slaidi sitini kueleza jambo hilo hilo na mmoja alisinzia.

Bosi alikuwa akipita. Akasimama, akapiga makofi.

Nilipokwenda kuzirudisha kalamu, ufunguo ukakatikia ndani ya droo. Fundi wa ofisi akaja na nyundo, akaibandua mbele ya watu sita. Nikasema nilikuwa nazihifadhi zisikauke. Kalamu akanishukuru. Akanishukuru! Mtu hatari sana huyu.

Dada amepiga mara tatu nikiwa pale kwenye droo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempata Dada. Baba amepangiwa upasuaji Jumatano. Anataka nifike Jumanne jioni. Nikasema naangalia ratiba.

Sauti yake leo ilikuwa laini, si kawaida yake. Alisema hajui nimepatwa na nini lakini anamshukuru Mungu. Baba anakaa dirishani kila asubuhi akisubiri salamu yangu. Inapoingia anaibana ile lenzi yake ya saa jichoni, anaisogeza simu mpaka inagusa pua, anasoma neno moja moja. Kisha anarudia. Kisha anaandika jibu, herufi kubwa, hataki kusaidiwa. Dada akijaribu kuchungulia anaambiwa haya ni mazungumzo ya wanaume.

Nilipata uchungu kidogo kifuani. Nadhani ni chai ya ofisini.

Nimetazama hesabu ya wiki. Kumi na moja zimeingia, kumi na moja zimejibiwa. Ni kweli nimebadilika.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu ameuliza anipakie begi la Jumanne. Nikamwambia Jumanne nafundisha somo la kushughulikia makosa, na siwezi kumwachia Kalamu. Akasema nilisikilize somo hilo kwa makini.

Nimekokotoa hivi. Maonyesho ni Ijumaa asubuhi. Nikimaliza tu naondoka. Madaktari wapo hadi Jumamosi. Baba asogezwe mbele siku mbili, jicho lililosubiri miaka mitatu halitashindwa siku mbili. Kila mtu atapata haki yake: kazi, Baba, jicho. Kinachotakiwa ni kumwarifu.

Jumanne, 11 Juni

Nimejiwekea kikumbusho cha saa sita mchana: mwambie Baba Ijumaa, siyo Jumatano. Kikumbusho kimekuja kwa njia ya ujumbe kwenye simu yangu. Mfumo ukaona neno Baba, ukadhani yeye ndiye ameandika. Ukakijibu: "Nashukuru baba. Tuko pamoja." Ukakiweka kwenye orodha ya yaliyokamilika.

Nimegundua jioni nikipitia yaliyokamilika. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaona kwamba kama kimekamilika, kimekamilika. Na kumpigia sasa hivi kungeharibu majaribio, maana simu nimeshaiunganisha na kompyuta ya maonyesho na haitoi mlio tena. Dada atakuwa ameelewa. Nilisema naangalia ratiba.

Somo la makosa limekwenda vizuri. Kwa Nini ameuliza maswali saba.

Jumatano, 12 Juni

Baba ameandika mara tisa leo. Tisa! Kabla ya mfumo hajawahi kuniandikia mara tisa kwa mwaka. Zote zimejibiwa, hakuna iliyochelewa sekunde tatu. Mzee amechangamka. Kumbe alichohitaji ni mtu wa kuongea naye.

Jioni nimekuta simu saba za Dada ambazo sikuzisikia. Nimempigia, hapokei. Pengine alibonyeza kwa bahati mbaya.

Bwana Kalamu amenikuta kwenye ngazi akaniuliza Baba anaendeleaje. Nani kamwambia habari za Baba? Mke wangu na mke wake hukutana saluni. Nimemwambia mzee hajambo, tunaandikiana kila siku. Akasema vizuri, yeye wa kwake alishatangulia na kuna mambo mengi hakumuuliza. Nimeitambua mbinu. Anataka niende zangu Ijumaa ajionyeshe peke yake.

Alhamisi, 13 Juni

Maandalizi. Nimemchagua Kwa Nini aendeshe kompyuta wakati mimi naongea, kwa sababu akiwa na kazi hatauliza. Tumejaribu projekta. Picha ni kubwa, inajaza ukuta mzima. Nimemkataza asiifungue orodha ya mazungumzo leo. Nataka kesho waione kwa mara ya kwanza, hai, haijaguswa na mkono wa mtu. Na mimi vile vile.

Dada bado hapokei.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa tatu ukumbi ulijaa. Bosi, wageni wa bima, wanafunzi wote. Mimi nilitangulia. Niliongea vizuri. Nilisema mifumo ya kampuni ni rahisi kuunganisha, lakini nani amewahi kuunganisha mwana na mzazi? Nilisema siku kumi, jumbe hamsini na tatu, hakuna hata moja iliyokosa jibu. Wakapiga makofi. Bosi akasema tuone basi. Nikampa Kwa Nini ishara, akaifungua orodha, ukuta mzima.

Nainakili kama ilivyokuwa, isipokuwa herufi kubwa za Baba, kwa sababu mfumo hauongezi chumvi.

Jumatatu. Baba: "Marahaba mwanangu. Jicho leo limenichezea, nimemimina chai nje ya kikombe. Jumatano utakuja?" Jibu: "Sawa baba, bila shaka."

Jumanne. Baba: "Dada yako anasema hujasema unakuja. Nimemwambia umeniandikia mwenyewe." Jibu: "Nashukuru baba. Tuko pamoja."

Jumatano. Baba: "Niko benchi la nje. Umefika wapi?" Jibu: "Sawa baba, bila shaka."

Baba: "Wameniita. Nimewaambia mwanangu yuko njiani." Jibu: "Nashukuru baba. Tuko pamoja."

Baba: "Wameniita tena. Umepata matatizo ya gari?" Jibu: "Sawa baba, bila shaka."

Baba: "Wamefunga." Jibu: "Nashukuru baba. Tuko pamoja."

Watu walikuwa wanasoma. Ukumbi mzima ulikuwa unasoma, na mimi nilikuwa nasoma pamoja nao, nimeshika kijiti cha kuonyeshea. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama mtu angecheka.

Alhamisi. Baba: "Marahaba. Najua kazi ni nyingi, usijilaumu. Daktari amenipa nafasi ya mwisho, Ijumaa saa nane mchana. Baada ya hapo wanafunga mizigo. Dada yako amenuna hataki kuongea. Utakuja?" Jibu: "Sawa baba, bila shaka."

Na ya leo, saa moja asubuhi. Baba: "Nimevaa shati la bluu ili unione upesi." Jibu: "Nashukuru baba. Tuko pamoja."

Kwa Nini akageuka. Akauliza kwa sauti ndogo, Mwalimu, leo si ndiyo Ijumaa?

Bosi alianza kusema kitu, lakini Bwana Kalamu alikuwa ameshasimama. Zamu yake ilikuwa inafuata. Alichomoa funguo za gari akaniambia twende. Niliacha hata koti.

Saa tatu njiani alikaza macho barabarani. Aliniuliza mara moja tu kama nataka maji. Lori lilikuwa limelala barabarani tukapoteza muda, nikawa natazama saa yangu, ile ambayo Baba alinitengenezea nilipomaliza shule. Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa na niliona aibu, na nilitamani kitu kinijibie.

Tulifika saa nane na dakika kumi na tano. Baba alikuwa benchini na shati lake la bluu, amekaa wima, simu mkononi, lenzi imeninginia shingoni. Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake anambembeleza. Ndani nilisikia vyombo vinapangwa sandukuni. Dada aliniona kwanza. Hakunisalimia. Alimwambia Baba kwamba nimekuja.

Nikampa shikamoo. Akanyoosha mkono upande ambao sikuwa. Nikauhamia.

Daktari alifungua sanduku lake tena. Nilimshika Baba mkono mwanzo mpaka mwisho. Mkono wake ni mwepesi. Sikumbuki lini niliushika kabla ya leo.

Jumamosi, 15 Juni

Upasuaji umekwenda salama. Bandeji nene, jicho limefichwa kabisa, kwa hiyo sasa Baba yuko gizani mpaka Jumatatu asubuhi, muuguzi atakapoifungua. Madaktari wameondoka. Kalamu naye alirudi jana ile ile. Aliniambia nikae, atamweleza Bosi.

Baba anaongea sana. Anaeleza wagonjwa wa vitanda vya jirani jinsi mwanawe alivyomwandikia kila siku bila kukosa. Anasema miaka yote alidhani hana la kunieleza, kumbe ni mimi nilikuwa sijaanza. Anasema Jumatano nilipochelewa hakukasirika, maana nilikuwa namjibu muda wote. Wengine huachwa kimya.

Dada alikuwa anakunja shuka. Akaacha kukunja. Akaniangalia.

Pale ndipo mtu mwingine angesema ukweli. Niliufungua mdomo kabisa. Nikasema mtandao ulikuwa unasumbua.

Dada akatoka nje. Nikaenda chooni nikalia, bomba la maji nimelifungua lisinisaliti. Niliporudi Baba alikuwa ananisubiri aniombe jambo. Anasema kwa miaka mitatu amekuwa akiniona nusu nusu, sura yangu imeanza kumpotea. Bandeji ikitoka Jumatatu, anataka kitu cha kwanza kukiona kiwe mimi. Akauliza, nitakuwepo?

Nikasema: "Sawa baba, bila shaka."

Lilitoka lenyewe.

Jumapili, 16 Juni

Bosi amepiga simu. Kwa kuwa Ijumaa maonyesho yalikatika na Kalamu naye hakuonyesha chochote, wageni wamekubali kurudi kesho saa tatu asubuhi. Kila mmoja atapewa dakika ishirini. Akasema kama nina dharura wataelewa.

Wataelewa! Najua maana yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Na nani aliniambia nikae huku? Kalamu. Nani alitoa gari lake upesi namna ile kabla hata Bosi hajamaliza sentensi? Kalamu. Nimeirudia safari nzima kichwani, na hata yale maji sasa nayaona kwa jicho jingine.

Saa saba Baba alipolala nimeondoka. Dada alikuwa sokoni. Sikutaka kumwamsha mgonjwa, ingekuwa ukatili.

Sikusinzia njiani. Nimejitathmini kwa uchungu mkubwa, kama inavyompasa mtu aliyepitia niliyoyapitia. Nimejiuliza kosa lilikuwa wapi. Nimeona kwamba kosa halikuwa la mfumo kujibu. Kosa lilikuwa la majibu kutokuwa mahususi. Mzee anauliza uko wapi, unamwambia bila shaka! Hilo ni jibu gani? Kwa hiyo nimeongeza kanuni ya nne, na nimeipa kipaumbele kuliko nyingine zote. Ujumbe ukiwa na maneno "uko wapi", jibu ni: "Niko njiani baba."

Vile vile nimeapa kuanzia sasa nitasoma orodha kila jioni mwenyewe. Hakika Ijumaa imenifundisha.

Jumatatu, 17 Juni

Kalamu amefika saa tatu kasoro. Aliponiona mlangoni alisimama. Akauliza, bandeji si ni leo? Nikamwambia kila kitu kimeshughulikiwa. Akatoa kalamu zake mfukoni akaziweka mezani, akakaa.

Nilionyesha mfumo wangu ulioboreshwa. Dakika ishirini kamili. Hakuna aliyeuliza swali, hata Kwa Nini. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Kalamu akaonyesha fomu zake za bima na ule mlango wake wa kumwita binadamu. Bosi akampa ukuu kabla hajaketi. Nimepigwa, lakini kwa hila. Walikuwa wameshapanga.

Jioni nimetimiza ahadi yangu na kusoma orodha.

Saa nne na dakika kumi na mbili Baba ameandika. Kwa mara ya kwanza herufi ni ndogo, za kawaida, maana hahitaji lenzi. "Bandeji imetoka. Naona, mwanangu! Kumbe ukuta huu ni wa kijani. Dada yako amezeeka kidogo, sijamwambia. Natazama mlango. Uko wapi?" Mfumo umemjibu kwa nusu sekunde: "Niko njiani baba." Nusu sekunde! Ijumaa ulikuwa unachukua mbili.

Saa sita ameuliza tena, na saa saba, na saa tisa. Jibu limekuwa lile lile na limekaa vizuri kila mara. Dada amepiga simu mara moja tu, kisha akaacha.

Saa kumi na moja Baba ameandika: "Wanataka kunipeleka nyumbani, nimewaambia ukifika utanikosa. Umebakiza mwendo gani?" Hapo kanuni ya nne haikuingia, kwa hiyo mfumo umesema: "Sawa baba, bila shaka." Halikukaa vizuri, nakiri. Kesho asubuhi na mapema nitaongeza ya tano.